Ishirini na Nane Nukta Saba

Wameipa maabara mpya ya shule yetu ya zamani jina la Mwalimu Tsuma, wakaliandika juu ya mlango kwa herufi za rangi ya dhahabu, kisha wakanipigia simu mimi nije niseme maneno mawili matatu. Mimi, kati ya wanafunzi wote aliowafundisha. Binti wa ofisini alikuwa na sauti tamu kama halua. "Bi Mwanaidi, wewe ndiwe uliyeifuata kemia mpaka mwisho. Marehemu angefurahi." Nilikuwa nimechutama ukingoni mwa bwawa la kuogelea la hoteli moja hapa Watamu, nimeshika kichupa cha maji, nadondosha dawa nione kama tindikali imezidi au imepungua, kazi ninayoifanya kila asubuhi kabla wageni hawajaamka. Nikasema nitakuja. Nilipokata simu nikajikuta nimedondosha matone hata sijui mangapi, na maji yamegeuka mekundu ya kutisha. Nikayamwaga nikaanza upya. Nina miaka hamsini na mitatu na sijawahi kupoteza hesabu ya matone. Siku ile niliipoteza, wala haukuwa uzee. Ilikuwa hasira.

Kwetu marehemu hasemwi ila kwa mema. Mtu akishafukiwa, hata aliyekuibia kuku atasifiwa kuwa alipenda mifugo. Nimeishi na adabu hiyo maisha yangu yote na sasa imenichosha, kwa sababu naona wanaonufaika nayo ni wale wale. Mwalimu Tsuma hakuwa mwalimu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mvivu au mlevi ningemsahau mapema, kama nilivyowasahau walimu wengine ambao hata nikionyeshwa picha zao siwatambui. Huyu alitufundisha kupenda kitu, halafu akakichafua mbele ya macho yetu, na mwaka ule wa Kidato cha Nne sijapata kuutoa moyoni mpaka leo.

Maabara ya zamani ilikuwa chumba kirefu cha mawe ya matumbawe, paa la bati, meza sita za saruji na mifereji ambayo haikutoa maji isipokuwa mvua za masika zikijaza tangi. Siku nyingine tulichota kisimani, nyuma ya jiko, kwa ndoo. Maji yale yalikuwa magumu. Sabuni haikutoa povu, na birika la jikoni lilikuwa na ukoko mweupe ndani unene wa ukucha. Dawa za kemia zilikuwa chache, kwa hiyo Mwalimu Tsuma alikuja na kikapu kama mtu anayetoka sokoni: ukwaju, ndimu, jivu la kuni, bizari ya manjano, na kikopo cha chokaa ya tambuu alichokiazima kwa mama yake. Alitupakia manjano kwenye vipande vya karatasi, akagusisha chokaa, na karatasi ikawa nyekundu. Akagusisha ndimu, ikarudi manjano. "Bibi zenu walijua besi na tindikali kabla ya hiki kitabu," akasema. "Midomo yao yawa myekundu kwa sababu gani mwadhani?" Siku nyingine alitumbukiza msumari kwenye maji ya mrututu, yale ya buluu, na baada ya kipindi msumari ukatoka na ngozi ya shaba. Akaushika juu tuuone sote. Chuma kimetoa, akasema, shaba imepokea, na katika mambo haya hakuna anayetoa asiwepo wa kupokea. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwahi kusikia neno zuri kama lile.

Niliketi meza moja na Umazi, msichana wa Dabaso, mfupi, mweusi tititi, mwenye tabia ya kuuma kalamu mpaka wino ukamchafua ulimi. Alikuwa akinipita kwenye kemia na sote wawili tulijua. Tulikula sahani moja. Jumapili ya wageni mamake alimletea sima na majani ya mtsunga yaliyopikwa kwa nazi, machungu ya kukunja uso, naye hakuanza kula mpaka nimefika. Umazi alitaka ufamasia. Hakusema daktari, hakusema muuguzi kama wengine wetu, alisema ufamasia, kwa sababu mhudumu wa zahanati ya kwao aliwahi kumpa mdogo wake dawa isiyokuwa yake, na tangu hapo akaapa atasimama yeye upande wa pili wa kaunta. Alilisema kila siku. Nilikuwa naliona neno lile kama jina lake la pili.

Tuligombana wiki ya mwisho kabla ya mtihani wa vitendo, na kisa chenyewe hata kukisimulia ni aibu. Umazi alikalia benchi la bwalo lililomwagikiwa mchuzi, sketi yake ya kijivu ikapata doa la manjano nyuma. Alikuwa na homa kidogo, nikamwambia alale, nitamfulia. Nikasugua kwa sabuni ya kipande, na mimi mwanafunzi wa Mwalimu Tsuma, mwenye karatasi za manjano daftarini, sikukumbuka kuwa sabuni ni besi. Doa likawa jekundu. Nikaanika hivyo hivyo. Bweni zima likaiona sketi kwenye kamba na doa jekundu pale pale ambapo msichana hataki lionekane, kicheko kikaanza, na Umazi akatoka kitandani kuona wanacheka nini. Mimi nilikuwa nacheka pia. Sikuwa na sababu, nilicheka kwa kuwa wenzangu wanacheka.

Umazi hakulia. Alikwenda jikoni akaomba kipande cha ndimu, akakikamua juu ya doa mbele yetu sote, likarudi manjano.

"Ni bizari," akasema. Kisha akanigeukia. "We Mwanaidi wacheka kama hujui. Lakini utajuaje, hata majibu ya jana yote umenakili kwangu."

Ilikuwa kweli, na ilisemwa mbele ya wasichana arobaini. Tukanuniana. Siku nne hatukusemezana, tukala sahani mbalimbali, na kwenye meza ya maabara kila mmoja alijisogeza mwisho wake. Watu wazima huwacheka watoto kwa kununiana. Mimi sicheki, maana nimeona siku nne zinavyoweza kugharimu.

Sasa nieleze jinsi mtihani ule ulivyokuwa, kwa sababu pasipo hilo hasira yangu haitaeleweka. Unapewa alkali, unaitia kwenye chupa, unaongeza tone la rangi. Juu yake kuna bureti, mrija mrefu wa kioo wenye alama, umejaa tindikali. Unafungua kidogo kidogo mpaka rangi ya manjano igeuke waridi, kisha unasoma umetumia tindikali kiasi gani. Unarudia. Majibu yako yakikubaliana umefaulu nusu ya safari. Dawa huchanganywa na shule yenyewe, kwa maji safi yasiyo na chochote ndani, yale ambayo mafundi wa magari huyaita maji ya betri. Na kwa kuwa shule hazifanani, mwalimu naye hupima, akaandika jibu lake kwenye karatasi inayofungwa pamoja na zetu, ili wasahihishaji wajue dawa za shule ile zilisomaje. Ni utaratibu wa haki kabisa. Hata dawa zikiharibika, mwalimu akiandika alichokiona, hakuna mtoto anayeumia.

Asubuhi ya mtihani, kabla ya kengele, nilitumwa kupeleka chai ya walimu, nikiwa kiranja wa zamu. Birika lilikuwa kubwa, la bati, lachoma mkono, nami nikapita njia ya mkato nyuma ya stoo ya maabara. Dirisha la stoo lilikuwa la vioo vya kukunja, viwili vimevunjika. Nikasikia sauti ya Mwalimu Mkuu, mama mnene mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti, na siku ile pia hakuipaza.

"Umetumia maji gani?"

"Ya kisima, Mama," akajibu Mwalimu Tsuma.

"Yana chumvi yale."

"Chumvi si neno. Yana chokaa, na chokaa yaila tindikali. Nimepima. Yasoma ishirini na nane na kitu. Kwa hesabu yafaa iwe ishirini na tano."

"Na madumu mawili ya maji safi tuliyoletewa?"

"Dereva aliyachukua kwa ajili ya betri ya basi, wakati wa safari ya kwaya. Hakuyarudisha."

"Betri gani hiyo inywayo madumu mawili?"

"Hilo mimi sijui, Mama. Ila ruhusa uliitoa wewe, na ufunguo niliutoa mimi."

Nilisikia mtu akikoroga kitu kwenye kopo.

"Nikiandika ishirini na nane watauliza maji yalikwenda wapi," akasema Mwalimu Tsuma. "Nitaandika ishirini na tano."

"Na wasichana?"

"Nitawaandikia kwenye vigae, kwa penseli. Wenye akili wataelewa."

"Haya," akasema Mwalimu Mkuu. "Chai yachelewa leo."

Chai ilikuwa mkononi mwangu. Nilisimama pale mpaka kiganja kikaacha kuhisi moto. Niliyasikia maneno yote na niliyaelewa yote, na hapo ndipo nilipokuwa mwanakemia, kama mtu anataka kujua, si chuoni. Nilijua tindikali italiwa na chokaa ya kisima na kila bureti itasoma vibaya. Nilijua pia kwamba yuko msichana mmoja katika darasa letu asiyeweza kuandika kitu ambacho hakukiona.

Tuliingia saa mbili. Chini ya kila chupa kulikuwa na kigae cheupe, kinachosaidia jicho kuona rangi ikigeuka, na pembeni mwa kila kigae kulikuwa na tarakimu ndogo za penseli: 25.0. Msimamizi aliyeletwa kutoka mbali aliketi mlangoni na kikombe cha chai yangu. Mwalimu Tsuma alisimama karibu na ubao, mikono nyuma. Wasichana walipima mara moja, wakakunja nyuso, wakaangalia kigae, wakaandika. Hakuna aliyewafundisha kudanganya, lakini walielewa upesi sana. Bureti yangu nayo haikusoma ishirini na tano. Nikapima mara ya pili. Kisha nikaandika ishirini na tano, ishirini na tano nukta moja, ishirini na tano, nikitia ile nukta moja ili ionekane kazi ya mkono wa binadamu.

Umazi alipima. Akaangalia kigae. Akalamba kidole gumba, akafuta zile tarakimu kama anayefuta uchafu, akapima tena. Nilimwona akiinua bureti kwenye mwanga wa dirisha, akitafuta kiputo cha hewa. Akaosha chupa, kwa maji yale yale ya kisima, maskini. Akapima mara ya tatu, ya nne. Alidhani kosa ni lake. Akainua mkono akaomba alkali zaidi, na Mwalimu Tsuma akampelekea mwenyewe, akamwekea mezani, na nilimwona amesimama pale mdomo wazi kidogo, kama anayetaka kusema neno, kisha akaondoka. Ningeweza kusema. Tulikuwa tumetengana kwa urefu wa mkono. Neno moja tu, maji, lingetosha, angeelewa kabla sijafunga mdomo. Nami niliangalia shingo yake iliyoinama nikakumbuka bweni zima likisikia kuwa nanakili, na nikafungua ukurasa wa pili.

Kengele ya nusu saa ya mwisho ilipolia Umazi alikuwa bado kwenye swali la kwanza. La pili lilikuwa la chumvi za madini, zile alizozijua kama anavyowajua dada zake. La tatu hakuligusa kabisa. Wakati wa kukusanya nikaona karatasi yake juu ya rundo: ishirini na nane nukta saba, imeandikwa mara tano, kwa mwandiko ulionyooka, na chini yake kurasa nyeupe.

Alama moja. Umazi aliukosa ufamasia kwa alama moja. Mimi nilipata chuo, nikapata cheti, nikapata koti jeupe na kazi ya kuangalia maji ya watu wanaoogelea. Mwalimu Tsuma alisifiwa kwa matokeo bora kuliko miaka yote iliyotangulia, akapandishwa cheo, na miaka ile yote aliyoishi baadaye nilikutana naye mara nyingi sokoni Malindi. Kila mara nilimwambia shikamoo, naye akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza habari za kazi, na nikamjibu njema. Umazi yuko Gede, kwenye duka la dawa. Anajua dozi ya kila kitu kilicho rafuni, mpaka madaktari humpigia kuuliza. Cheti kilichotundikwa ukutani nyuma yake kina jina la mwanamume wa Mombasa anayefika mara moja kwa mwezi. Nimelitazama jina lile mara nyingi nikinunua dawa ya presha, na kila nikilitazama namlaani Tsuma kimoyomoyo. Presha yenyewe nadhani ni yake.

Basi nikaenda. Walipiga mahema uwanjani, wakapika pilau, na hewa ikajaa harufu ya bizari nzima na samli. Mwalimu Mkuu wetu aliletwa kwa mkongojo, mwembamba sasa, ameketishwa mbele. Nikainama mpaka sikioni mwake, maana siku hizi hasikii vizuri. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, Mwanaidi. Umenenepa." Umazi alikuwa safu ya nyuma, amevaa leso juu ya gauni, sahani mapajani. Nikamsalimu, tukaulizana habari za watoto, kama tunavyofanya siku zote dukani. Nikaketi kando yake mpaka nilipoitwa.

Sikuwa nimeandika chochote. Niliposhika kipaza sauti nikaanza na ukwaju na kikapu, watu wakatabasamu. Nikasema ya msumari na mrututu. Kisha nikasema ya kisima. Nikasema madumu mawili, nikasema betri ya basi, nikasema vigae. Nikasema yuko msichana aliyeandika alichokiona na akalipia peke yake kwa ajili ya ufunguo wa mtu mwingine, na leo jina linalopakwa dhahabu ni la mwenye ufunguo. Nikasema na sisi watoto hatukujua, tulikuwa tunawaamini. Sauti yangu ilitoka vizuri, ilitoka kama iliyongojea miaka. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Mkuu aliangalia ncha ya mkongojo wake. Mshereheshaji alikohoa, akamwita shekhe na mchungaji kwa dua na sala, nami nikarudi safu ya nyuma nikiwa mwepesi, hata njaa nikaihisi. Nilidhani Umazi atanishika mkono.

Alikuwa akichambua mfupa. Hakuinua kichwa.

"Umesema hatukujua," akasema.

"Naam."

"Ni nani na nani hao?"

Watu walikuwa wamesimama kwa dua, na sisi wawili tukabaki tumekaa.

"Asubuhi ile nilikuwa kisimani nachota maji ya kuoga," Umazi akasema, polepole, kama anavyowaeleza wazee jinsi ya kumeza vidonge. "Nikakuona chini ya dirisha la stoo na birika mkononi. Ulisimama pale hata nikamaliza kujaza ndoo. Nikasema, huyu kuna jambo amelisikia. Twanuniana, hapana neno, lakini likiwa ni jambo la mtihani atanambia."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilingoja." Akaweka mfupa ukingoni mwa sahani. "Kila nilipopima nilikuangalia. Mara tano, Mwanaidi. Ukaangalia karatasi yako."

Nilitafuta hasira yangu, ile iliyonileta, ile ambayo dakika mbili zilizopita iliwanyamazisha watu mia mbili, na nikaikuta ipo, haijapungua hata tone. Ila haikuwa tena na mahali pa kwenda. Aliyestahili amekwisha zikwa, mwenzake wa stoo hasikii vizuri, na aliyebaki hai mwenye masikio mazima alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Miaka thelathini na sita nimemlaani mtu mmoja kwa sauti ili nisisikie jina la pili.

"Yangu ilisoma ishirini na nane nukta sita," nikamwambia. "Mara zote mbili. Nikaandika ishirini na tano."

Dua ikaisha, watu wakaketi, viti vikalia. Umazi akafuta vidole vyake kimoja kimoja kwa pembe ya leso. Kile gumba alikifuta mwisho.

"Nukta sita na nukta saba," akasema. "Tofauti hiyo wanaikubali. Tungeandika sote wawili, wangejua ni maji."

Akachukua sahani yake, akaenda kunawa.